Maswali na Majibu: Fani za Lugha katika Kuwashawishi Watu

Ninauza mitumba katika soko la Kibuye, Kisumu. Wenzangu hutia chuku, wakisema nguo zao hazichakai kamwe. Nisipofanya hivyo, nitauza kweli?

Utauza, mama. Chuku si kosa kila mahali: mteja akisikia “bei ya kutupa” anajua kwamba hakuna kinachotupwa, kwa hiyo hajadanganyika. Ubaya huanza pale chuku inapogusa jambo ambalo mnunuzi atalipima mwenyewe nyumbani, kama vile rangi kuchuja. Mwambie badala yake, “Kitambaa hiki ni kizito kama cha sare ya shule,” kisha umpe akishike. Aristotle wa Ugiriki, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alitaja njia tatu za kushawishi: tabia ya msemaji, hisia za msikilizaji na hoja yenyewe. Kwa mtu anayetaka wateja warudi, naiweka ile ya kwanza mbele.

Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama Nakuru. Nikiwauliza wanaochelewesha michango, “Kwani hamna aibu?”, wananuna na bado hawalipi. Nifanyeje?

Hilo ni swali la balagha, nalo halingoji jibu la mdomo, bali humfanya msikilizaji ajijibu moyoni. Kwa hivyo kabla ya kuliuliza, fikiria ni jibu gani litakalomjia. “Kwani hamna aibu?” humwachia njia mbili tu, ajitukane au akukasirikie, na wengi huchagua kukasirika. Jaribu hili: “Ni nani kati yetu ambaye, zamu yake ikifika, angependa kupokea nusu?” Jibu ni “hakuna”, na kila mmoja amelifikia peke yake bila kushushiwa hadhi. Angalia pia kwamba “kati yetu” inakuweka wewe ndani ya kundi, ilhali “hamna” ilikuweka juu yao. Uliza mara moja tu, unyamaze kidogo, halafu usome daftari la michango na utaje tarehe ya mwisho, kwa maana swali lisilofuatwa na hesabu husahaulika kabla chai haijaisha. Ikiwa kuna aliyekwama kwa sababu ya ugonjwa, mwendee kwake mzungumze faraghani. Hapo ufasaha hauna kazi.

Niko kidato cha tatu, Kakamega. Je, methali nyingi hushinda mdahalo?

Hapana, mwanangu. Ukisema “Haraka haraka haina baraka”, mpinzani atakujibu “Chelewa chelewa utakuta mwana si wako”, na mtakuwa sare. Toa hoja na ushahidi wake kwanza, kisha uifunge kwa methali moja.

Ninawania uenyekiti wa steji yetu ya bodaboda mjini Bungoma. Nitungeje kaulimbiu?

Iwe fupi kiasi cha umati kuweza kuirudia. Oktoba 2002, katika bustani ya Uhuru, Nairobi, Raila Odinga alitamka “Kibaki tosha”, na maneno hayo mawili yakaenea nchi nzima. Ufupi ulisaidia, lakini naamini uzito ulitokana na kwamba msemaji, ambaye wengi walimtarajia awanie urais mwenyewe, alikuwa akimpisha mwenzake, Mwai Kibaki. Basi kabla ya kutafuta vina na takriri, yaani kurudiarudia maneno, amua ni nini utakachojinyima. Kama ni usiri wa fedha za steji, sema “Hesabu hadharani”, na uahidi kuisoma mbele ya wanachama wote kila mwisho wa mwezi.