Jina la Mtoto wa Kiume: Liandike Kwanza, Ndipo Ulitangaze

Juzi msomaji mmoja ameniandikia mkewe akiwa bado wodini. Mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu, mzima wa afya, na tayari majina matatu yanamgombania. Babu mzaa baba, Mzee Yohana, anataka jina lake lirudi. Mama mtoto ameshikilia Brayan tangu mimba ina miezi minne. Shangazi naye ameshamtangaza kwa jina la Baraka kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Anauliza lipi zuri.

Yote mazuri. Swali ninalomrudishia ni lingine: lipi litaandikwa vilevile, herufi kwa herufi, kwenye tangazo la kizazi la hospitali, kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ubatizo, rejesta ya darasa la kwanza, kitambulisho cha taifa cha NIDA na pasipoti? Jina likipita kote huko bila kuguswa, hapo umempa mtoto jina. Likibadilika herufi moja tu njiani, umemwachia kesi, na ataanza kuihangaikia akiwa na miaka kumi na nane, wiki ya kuomba mkopo wa chuo, cheti chake kinapopelekwa RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi, kuhakikiwa.

Anzeni na jina la tatu, maana hapo ndipo familia nyingi zinapoteleza. Jina kamili kwetu Tanzania ni majina matatu: lake, la baba, na la babu au la ukoo. Pwani wengi hufuata mnyororo. Baba ni Hamisi Juma Salum, mtoto anakuwa Ali Hamisi Juma, na kila kizazi babu mmoja anadondoka mkiani. Ni utaratibu mzuri wa kutunza nasaba, lakini kwenye pasipoti jina la mwisho la baba ni Salum na la mtoto ni Juma. Mkisafiri pamoja, cheti cha kuzaliwa cha mtoto kikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi lililopelekwa mizigoni. Wanaotumia ukoo, Mushi, Massawe, Mwakalinga, hawakutani na hilo, mradi watoto wote waandikwe nao. Kinachoharibu ni kuchanganya: wa kwanza kapewa ukoo, wa pili kapewa babu, wa tatu kaandikwa Junior. Baba mmoja, mama mmoja, na karatasini si ndugu.

Kurithisha jina la babu ni heshima kubwa na siwezi kumkataza mtu. Wakikuyu wameliwekea hata zamu: mvulana wa kwanza huchukua jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na hakuna wa kununa. Ila tazameni mambo mawili kabla ya kukubali. La kwanza, Hamisi Juma akimwita mwanawe Juma, mtoto anakuwa Juma Hamisi Juma. Karani asiye makini akiona Juma wawili atadhani mmekosea, atafuta mmoja. La pili ni la ndani ya nyumba. Katika jamii zetu nyingi mkamwana hatamki jina la baba mkwe, kwa hiyo mama hataweza kumwita mwanawe. Atamwita Babu, au Mzee. Babu mwenyewe atamwita wajina. Mtoto atakua akiitikia Babu, ataanza chekechea akijitambulisha kwa mwalimu kuwa ni Babu, na mwalimu ataandika Babu. Kama mmeamua kurithisha, siku ya kumwandikisha shule mzazi aende mwenyewe na cheti mkononi. Asitumwe dada wa kazi.

Majina ya wakati wa kuzaliwa yana raha yake kwa sababu hayana ubishi. Mjaluo aliyezaliwa usiku ni Otieno, wa mvua ni Okoth. Mkamba wa asubuhi ni Kioko. Kwa Wasukuma na Wanyamwezi mapacha ni Kulwa na Doto, anayewafuata ni Shija. Pwani, Juma ni wa Ijumaa na Hamisi ni wa Alhamisi. Hakuna kikao kinachohitajika.

Majina ya machungu ni habari nyingine. Mashaka, Shida, Tabu, Masumbuko. Najua yanakotoka: mimba iliyosumbua, baba aliyefiwa, njaa ya mwaka ule. Lakini shida ilikuwa yenu, na anayeibeba ni yeye. Kama mnataka kuukumbuka mwaka huo, mwiteni kwa lile lililowavusha: Shukuru, Majaliwa, Tumaini. Na mkichukua jina la Kiswahili, fikirini jinsia. Baraka watu hulipokea kama la kiume bila kuuliza, lakini Zawadi, Furaha na Bahati hutumika kote kote, na kwenye fomu isiyo na picha kijana wenu ataandikwa “Ke”. Hilo nalo hurekebishwa kwa safari.

Kwa Waislamu, siku ya saba ndiyo ya akika, mbuzi au kondoo wawili kwa mvulana, kunyoa nywele na kutoa sadaka ya madini ya fedha yenye uzito wa nywele hizo. Wengi hudhani jina nalo lazima lisubiri siku hiyo. Si lazima. Mtume mwenyewe alisema, “Usiku huu nimezaliwa mtoto, nikamwita kwa jina la baba yangu Ibrahim.” Kwa hiyo mkiwa na jina siku ya kwanza, litoeni siku ya kwanza, kabla karatasi za hospitali hazijaandikwa “mtoto wa Asha”. Majina ya Abdul yana hatari yake. Abdul peke yake ni “mja wa”, halijamalizika, kwa hiyo lazima lifuatwe na mojawapo ya majina ya Mwenyezi Mungu. Na liandikwe limeungana: Abdulrahman. Mkiliachia nafasi katikati, Abdul Rahman, mfumo unahesabu majina mawili: Rahman linakaa mahali pa baba, baba anasogea mahali pa babu, na babu anakosa pa kukaa. Muhammad nalo lina sura nyingi mno, Mohamed, Mohammed, Muhamadi, Mohamedi. Sisemi ipi ni bora. Nasema chagueni moja, na ya baba ikishakuwa kwenye kitambulisho chake, ndiyo hiyo hiyo.

Kwa Wakatoliki, sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 855, inataka tu jina lisiwe geni kwa hisia ya Kikristo. Haidai jina la mtakatifu. Baraka anabatizwa. Kinachosumbua ni kumpa la pili la ubatizo kisha likaingia shuleni: cheti cha kuzaliwa Baraka, cheti cha darasa la saba Emmanuel. Na Emmanuel lenyewe liko la m mbili, la m moja, na Imanueli.

Majina ya kigeni siyapigi vita. Ila lipimeni kwa masikio ya watu wenu. Simameni mlangoni jioni mliite kwa sauti kama mnamwita aje kuoga. Mwambieni jirani aliandike alivyolisikia. Brayan litarudi likiwa Brian, Bryan au Braini. Yapimeni pia yenye l na r kama kwenu herufi hizo hubadilishana: Farid huwa Falid, Elia huwa Eria. Jina ambalo watu watatu kati ya watano wameliandika tofauti, liacheni, au liwe la nyumbani tu.

Mnaotumia majina yenye ritifaa, kama Ng'wandu, jueni kwamba mistari miwili ya chini kwenye ukurasa wa picha wa pasipoti, ile inayosomwa na mashine, kwa majina hupokea herufi A hadi Z tu. Ritifaa inadondoka, anabaki NGWANDU. Majina yote yana nafasi 39 hapo, na kila pengo linahesabiwa. Msimpe mtoto majina matano ili kuridhisha pande zote.

Sasa karatasi. Mkitoka hospitali muwe na tangazo la kizazi. Tanzania Bara mna siku 90 za kumsajili. Zikipita usajili unakuwa wa kuchelewa, na viambatisho vinaongezeka. Mikoa yenye mpango wa watoto wa chini ya miaka mitano, uliozinduliwa Mbeya mwaka 2013, cheti hutolewa bila malipo kwenye kituo cha afya au ofisi ya mtendaji wa kata. Msiende na jina kichwani. Liandikeni kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi, majina matatu kwa mpangilio, na mpeni karani anakili. Akimaliza, msiondoke dirishani. Kisomeni kwa dakika mbili: herufi kwa herufi, kidole kikifuata, jina la mtoto, la baba, la mama, tarehe, jinsia. Kosa likionekana hapo hapo linarekebishwa mkiwa mmesimama. Likionekana miaka kumi na minane baadaye, ni wakili, hati ya kiapo au hati ya kubadili jina, na nauli za kwenda na kurudi. Inaniuma kila ninapoona kijana aliyefaulu vizuri anakaa kwenye foleni hiyo kwa sababu ya herufi moja ambayo mzazi aliiona akasema haina neno.

Kwa msomaji wangu: mwandike Baraka, jina lako, kisha Yohana. Mzee tayari yumo kwenye jina la mtoto. Mwonyeshe hiyo karatasi kabla ya usajili, amwone mjukuu anavyombeba mkiani. Mama aendelee kumwita Brayan nyumbani, hiyo ni haki yake. Na kabla hujaandika, toa kitambulisho chako cha NIDA uangalie baba yako ameandikwa Yohana au Johana, kisha unakili ulivyoona.