Maswali ya wasomaji: Laini yako hukutanaje na ya mwenzako ndani ya kituo cha simu?

Toleo lililopita nilieleza jinsi waya wa simu ya mezani unavyotoka ukutani kwako, ukapanda nguzoni na kuishia kituoni. Barua zilizofuata karibu zote ziliuliza jambo moja: ukishafika huko kituoni, kinatokea nini? Kabla sijaanza kufundisha nilikuwa fundi wa vyumba hivyo kwa miaka mingi, na hakuna swali ninalolipenda kama hilo. Safu ya leo nimeliachia lote.

Kwa nini pawepo kituo? Si kila mtu angevuta waya hadi kwa yule anayetaka kuongea naye? (Msomaji, Morogoro)

Mwanzoni ndivyo ilivyokuwa. Simu za kwanza Marekani zilikodishwa mbili mbili, moja nyumbani na nyingine dukani. Lakini watu 100 wakitaka kila mmoja aunganishwe moja kwa moja na kila mwenzake, zinahitajika njia 4,950. Wakiwa 10,000, zinakaribia milioni 50. Hakuna mji ungebeba nguzo hizo. Ukiweka kituo katikati, kila mtu anatosheka na njia moja, na kazi yote ya kukutanisha inabaki ndani ya chumba kimoja. Kituo cha kwanza cha biashara kilifunguliwa New Haven, Connecticut, tarehe 28 Januari 1878, kikiwa na wateja 21, na aliyekutanisha laini alikuwa opereta kwa mkono wake.

Shikamoo Mwalimu. Ni kweli mtambo wa kwanza wa kujiendesha ulibuniwa na mtu wa mazishi? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Ni kweli. Almon Strowger alikuwa na biashara ya mazishi Kansas City. Inasimuliwa kwamba aliwashuku maopereta kuwa wanawapeleka wafiwa kwa mshindani wake, akaapa kuwatoa katikati. Hataza yake ilitoka tarehe 10 Machi 1891, na kituo cha kwanza cha aina hiyo kikafunguliwa La Porte, Indiana, tarehe 3 Novemba 1892. Siku hizo mteja alibonyeza vitufe. Gurudumu la kuzungusha lilikuja mwaka 1896.

Mtambo wenyewe nimeushika kwa mikono hii, nao unastahili kuelezwa polepole. Tuseme unapiga 2647. Unazungusha 2 na kuachia, na gurudumu linaporudi, umeme kwenye laini yako unakatika mara mbili. Kila ukikatika, sumaku inavuta na fimbo ya selekta ya kwanza, yaani kifaa cha kuchagulia njia, inapanda ngazi moja. Tak, tak. Sasa ipo ngazi ya pili, na kwenye ngazi hiyo kuna vituo kumi vya kugusa vilivyopangwa kwa upinde. Hapo fimbo haikungoji tena. Inajizungusha yenyewe, ikigusa kimoja baada ya kingine, mpaka ipate kilicho huru kinachoelekea selekta ya pili. Kazi hiyo lazima iishe kabla kidole chako hakijaleta 6. Selekta ya pili nayo inapanda ngazi sita, inajitafutia, inakabidhi. Ya mwisho ndiyo pekee inayokutii kwa namba mbili: inapanda nne, kisha inazunguka saba, na kutua juu ya laini ya mwenzako kati ya laini 100. Kama laini ina mtu, inakurudishia mlio wa bize. Kama iko huru, inapeleka kengele.

Na ikiwa fimbo imezunguka vituo vyote kumi bila kupata kilicho huru, inaingia hatua ya 11, nawe unapata mlio wa bize ingawa mwenzako hajagusa simu. Tutairudia hatua hiyo ya 11.

Kwa hiyo kila mteja alikuwa na selekta yake? Si gharama hiyo? (Msomaji, Dodoma)

Ni gharama kubwa, na swali lako ndilo lililowatoa jasho wahandisi kwa miaka. Selekta ni chuma, sumaku, springi na mafuta, na inahitaji fundi. Kumpa kila mteja ya kwake ni sawa na kumpa kila abiria basi lake.

Angalia matumizi yenyewe. Wachukue wateja 200, na tuseme katika saa yenye shughuli nyingi kuliko zote kila mmoja anapiga simu za dakika 3 kwa jumla. Hizo ni dakika 600, yaani saa 10 za maongezi ndani ya saa moja. Kwa wastani, basi, simu 10 ziko hewani kwa wakati mmoja. Selekta 200 zingekuwa 190 zimelala. Lakini ukiweka 10 kamili umeharibu, maana wastani ni wastani tu: dakika hii wanapiga 6, dakika ijayo 15.

Dawa ilikuwa kitafuta-laini. Kimefungwa kwenye selekta, hakimilikiwi na mteja. Unapoinua mkonga, rilei ndogo ya laini yako, yaani swichi inayoendeshwa na sumaku ya umeme, inapaza sauti, kitafuta-laini kimoja kilicho huru kinaanza kuhangaika kati ya laini zote za kundi mpaka kikuone, kinasimama juu yako, na hapo ndipo unasikia mlio wa kukuruhusu upige. Kitu pekee ulichobaki nacho peke yako ni ile rilei.

Vitafuta-laini vingapi kwa wale 200? Jibu lina mwenyewe: Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa kampuni ya simu ya Copenhagen, Denmark. Mwaka 1917 alichapisha fomula inayosema, ukiwa na kiasi fulani cha maongezi na njia kadhaa, simu ngapi zitakosa nafasi. Kwa maongezi yetu ya saa 10, njia 18 zinatosha kuhakikisha inayokosa haifiki moja katika 100. Mashine 18 badala ya 200. Kipimo cha maongezi duniani kote leo kinaitwa erlangi, na sidhani kama kuna heshima iliyomfaa mtu zaidi ya hiyo.

Sikukuu hatupati laini hata kidogo, siku za kawaida hakuna tatizo. Wanabana makusudi? (Msomaji, Kisumu)

Si lazima iwe makusudi, ingawa kuna uzembe ninaoujua na nitausema.

Rudi kwa wale wateja 200 na njia zao 18. Kundi la pili la 200 nalo linataka 18, jumla 36. Ukiyaunganisha makundi mawili yatumie njia kwa pamoja, maongezi ni ya saa 20 na njia 30 zinatosha kwa huduma ileile. Umeokoa sita bila mteja yeyote kuhisi, kwa sababu kundi hili likizidiwa lile huwa limepungukiwa. Ndiyo maana kila mhandisi anapenda kuunganisha.

Ila faida hiyo ina upande wa pili. Kundi dogo lina njia nyingi zinazokaa bure, na hizo ndizo mto wa kuegemea siku ya mafuriko. Kundi kubwa lililopimwa kwa ukamilifu lina njia chache za ziada kwa kila mteja. Siku ya Idi au mkesha wa Mwaka Mpya, watu wakizidi kidogo tu, kundi kubwa linajaa haraka kuliko dogo.

Kulikuwa pia na kizuizi cha chuma chenyewe. Fimbo inaona vituo kumi tu kwa ngazi, hata kama njia zipo 18. Mafundi wa zamani walipanga hivi, na mpaka leo naona ni kazi ya akili sana: kwa kuwa fimbo huanza kutafuta kituo cha kwanza kila mara, vya mwanzo hubeba mzigo mzito na vya mwisho huokota masalia. Basi vituo vya mwanzo walimpa kila fremu, yaani kila rafu ya selekta, vyake, na vya mwishomwisho wakavifunga pamoja kwa fremu zote. Anayefurika huku anakutana na nafasi ya jirani. Nimelala chali sakafuni na tochi mdomoni nikifuata waya za mpangilio huo moja moja, na nilipofika mwisho nilielewa kwamba aliyeuchora aliwafikiria watu asiowajua.

Uzembe nao ni huu. Katika kituo kimoja nilichofanyia kazi, wateja waliongezwa miaka mitatu mfululizo na selekta hazikuongezwa hata moja. Karatasi zilionyesha maendeleo. Sisi ndani ya chumba tulikuwa tunasikia: ikifika saa nne asubuhi, fimbo zinapanda, zinazunguka, zinagota hatua ya 11, zinaanguka, kwa mamia. Nilipeleka hesabu ya Erlang mezani kwa mkubwa wangu mara mbili. Bado inaniuma, kwa sababu miongoni mwa waliokuwa wakikosa laini kulikuwa na wanaotafuta hospitali.

Nasoma diploma. Tumefundishwa mpangilio wa Clos wa kuunganisha laini kwa hatua tatu za swichi, nimekariri ila sijaelewa. Namba 2n−1 inatoka wapi? (Mwanafunzi, Nairobi)

Usikariri, njoo tuhesabu watu.

Chukua laini 36 za kuingilia na 36 za kutokea. Ukitengeneza wavu mmoja ambamo kila ya kuingilia inakatana na kila ya kutokea, unahitaji viungio 36 × 36, yaani 1,296. Katika maongezi yoyote, kwenye mstari mzima kinatumika kiungio kimoja. Vingine ni shaba iliyokaa.

Charles Clos wa Bell Labs, maabara ya utafiti wa simu ya Marekani, mwaka 1953, alizipanga hatua tatu. Gawanya laini za kuingilia makundi 6 ya watu 6, na za kutokea vivyo hivyo. Katikati weka swichi kadhaa ambazo kila kundi lina njia moja kwenda kwa kila moja ya hizo. Swali ni ziwe ngapi ili asikwame mtu.

Jiweke wewe kwenye kundi la kwanza. Wenzako 5 wanaongea tayari, kwa hiyo wameshika swichi 5 za kati. Unayempigia yuko kundi la nne kule upande wa pili, na wenzake 5 nao wanaongea. Wameshika 5. Kwa bahati mbaya kabisa, hizo 5 ni tofauti na zile 5. Kumi haziwezekani kwako. Ikiwepo ya 11, unapita. Hiyo ndiyo 2n−1: wenzako, wenzake, na moja yako. Hapo n ni idadi ya watu katika kundi; ukiweka n = 6, hesabu inatoka (6−1) + (6−1) + 1.

Viungio sasa: hatua ya kwanza 6 × 66 (makundi 6, kila moja watu 6 kwa njia 11), ya kati 11 × 36 (swichi 11, kila moja 6 kwa 6), ya tatu 6 × 66. Jumla 1,188. Umeokoa 108 tu, nawe utaniambia si kitu. Kwa laini 25 ingekuwa hasara kabisa, 675 dhidi ya 625. Lakini panda hadi laini 10,000: wavu mmoja unadai viungio milioni 100, mpangilio wa Clos unadai 5,970,000. Hapo ndipo utaona kwa nini jina lake halijafutika. Hata vituo vikubwa vya kompyuta vya leo vinaunganisha seva zao kwa umbo hilihili.

Nyongeza moja ya mtihani: ukikubali kuhamisha maongezi yanayoendelea ili kumpisha mgeni, swichi za kati 6 zinatosha.

Krosiba ilikuwa bora kuliko Strowger? (Msomaji, Mombasa)

Kwa maoni yangu, ndiyo. Krosiba ni mtambo wa fito zinazokatana: ufito wa mlalo na ufito wa wima zinakutana, springi inabanwa, basi. Hakuna fimbo inayokimbia, kwa hiyo uchakavu ni mdogo na kelele kwenye laini ni ndogo. Sundsvall, Uswidi, walikuwa na kituo cha aina hiyo mwaka 1926. Kubwa zaidi, kidhibiti kimoja kinapokea namba yote kwanza, kinaangalia njia nzima hadi mwisho, ndipo kinaunganisha. Strowger ilikuwa ikitembea gizani hatua kwa hatua.

Na mitambo ya dijitali? Nimeambiwa ndani hakuna kitu kinachogusana. (Msomaji, Mwanza)

Umeambiwa vizuri. Sauti yako inapimwa mara 8,000 kwa sekunde, kila kipimo kinaandikwa kwa biti 8, yaani tarakimu nane za 0 au 1, na waya mmoja unabeba nafasi 32 zinazopokezana, 30 zikiwa za maongezi. Kuunganisha ni kubadilisha zamu. Vipimo vinaingia kwenye kumbukumbu kwa mpangilio wa kufika, vinasomwa kwa mpangilio mwingine. Wewe ulikuwa nafasi ya 5, mwenzako anasikiliza nafasi ya 19, basi kilichoandikwa cha tano kinasomwa cha kumi na tisa. Eneo la Lannion, Ufaransa, lilikuwa na kituo cha namna hiyo mwaka 1970. Ukizichora hizo zamu kwenye karatasi, mwanafunzi wetu wa Nairobi atalitambua umbo la Clos.

Nimerithi simu ya babu ya kuzungusha. Itafanya kazi? (Msomaji, Pangani)

Inategemea kituo chako. Vituo vingi vya dijitali vinavyotumia waya wa shaba bado vinaelewa mapigo ya gurudumu. Visanduku vya simu za intaneti mara nyingi haviyaelewi. Usilisukume gurudumu wakati linarudi, maana mapigo yanatoka pale pale, takriban kumi kwa sekunde, nawe ukilisukuma unayaharibu.

Kama gurudumu limekwama kwa kutu, inua mkonga, sikiliza mlio, kisha gonga kitufe cha kukatia mara tatu haraka kwa 3, mara tano kwa 5, mara kumi kwa 0, ukipumua kidogo kati ya namba na namba. Mlio ukinyamaza baada ya namba ya kwanza, kituo kimekusikia.