Kuzamia Scapa Flow kwa mtu aliyezoea bahari ya joto

Umeuliza kama aliyekwisha kuizamia Dania, meli iliyozama kule Mombasa, anaweza kwenda moja kwa moja kwenye mabaki ya manowari za Kijerumani katika ghuba ya Scapa Flow, visiwani Orkney, kaskazini mwa Uskoti. Kwa nilivyopaona, uzoefu huo unasaidia lakini hautoshi, na kikwazo kikubwa ni baridi kuliko kina. Maji yale hufika takribani nyuzi joto 13 mwishoni mwa kiangazi, kwa hiyo utavaa suti kavu, yaani isiyopitisha maji. Unaposhuka, hewa iliyomo ndani yake hubanwa na inakubidi uiongeze kwa vali ya kifuani. Unapopanda hutanuka, na usipoitoa kwa vali ya mkononi inaweza kukimbilia miguuni na kukurusha juu kichwa chini. Ijue suti hiyo vizuri kwenye kina kifupi kabla hujalipia safari.

Ukishaimudu, anza na manowari nyepesi. Meli za Kijerumani zilizozuiliwa pale baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia zilikuwa 74, na tarehe 21 Juni 1919 Admirali Ludwig von Reuter aliamuru zizamishwe ili zisichukuliwe na washindi. Zilizama 52, nyingi ziliibuliwa baadaye zikauzwa kama chuma chakavu, na katika zilizobaki, nne nyepesi, yaani Karlsruhe, Dresden, Cöln na Brummer, zimelala ubavu, hivyo hata mgeni huweza kutambua omo (sehemu ya mbele), sitaha na mizinga. Zile nzito tatu, König, Markgraf na Kronprinz Wilhelm, zilipinduliwa na uzito wa mizinga yao, na Markgraf imelala kwenye mita 45 hivi, kwa hiyo asiyezijua huogelea juu ya upande wa chini wa meli akidhani ni ukuta mtupu. Hata hivyo, pembeni mwa Kronprinz Wilhelm nilimulika tochi chini ya ukingo nikauona mzinga wa sentimeta 30.5, umekandamizwa na meli yake yenyewe na kufunikwa na viumbe vya baharini, na sijaona kitu kilichonigusa zaidi chini ya maji.

Mabaki haya yanalindwa kisheria, kwa hiyo usibandue chochote. Royal Oak, manowari ya Uingereza iliyozama humo humo baada ya kupigwa kwa torpedo tarehe 14 Oktoba 1939 ikafa na watu zaidi ya 800, ni kaburi, na wazamiaji wa burudani hawaruhusiwi kabisa kuifikia.

Ukiweza kuchagua, nenda Agosti au Septemba, na umwombe nahodha wa mashua yako pale Stromness, bandari ya Orkney, aanze na Karlsruhe, ambayo ina kina kidogo kuliko nyingine.