Kwa Nini Protoni Zilitoweka Foili Ilipopunguzwa Unene?

Swali: Leza yetu hufikia wati 10²⁰ kwa sentimita ya mraba. Ikipiga foili ya alumini (karatasi nyembamba ya metali) yenye unene wa mikromita 10 hutupatia protoni za kuridhisha, lakini tulipoweka ya nanomita 100 zilikaribia kutoweka. Je, tuongeze nishati ya leza?

Jibu: Msiongeze. Mmetaja ukali wa kilele na unene wa foili, lakini hamkusema lolote kuhusu mwanga unaoutangulia mpigo mkuu wa leza, na hilo ndilo ninalolikosa karibu katika kila swali la aina hii.

Mpigo mkuu ulipofika, foili yenu ilikuwa imekwisha kuharibika. Chukulieni kwamba mwanga tangulizi ni sehemu moja tu ya milioni kumi ya kilele: hizo bado ni wati 10¹³ kwa sentimita ya mraba, zinazotosha kuugeuza uso wa metali kuwa plazma (gesi ya moto ya elektroni na ioni) na kupeleka ndani yake wimbi la mshtuko lenye kasi ya mikromita kumi hivi kwa nanosekunde. Wimbi hilo huvuka nanomita 100 kwa pikosekunde 10, ilhali mwanga huo mara nyingi huanza nanosekunde nzima kabla ya kilele. Protoni nazo hazisukumwi na leza moja kwa moja; elektroni zilizopashwa joto upande wa mbele huchomoza nyuma na kujenga uga wa umeme wa takriban volti trilioni moja kwa mita, nao ndio unaozing'oa protoni kutoka kwenye utando wa maji na mafuta ulioganda juu ya metali. Uga huo huwa na nguvu pale tu uso wa nyuma unapokoma ghafla kwenye ombwe. Uso ukishatawanyika, uga hudhoofika.

Pimeni kwanza mwanga tangulizi, kisha fikirieni kioo cha plazma, ambacho huupitisha mwanga dhaifu na kuuakisi ule mkali, hivyo kuupunguza mwanga tangulizi takriban mara mia. Bila hayo, bakini na mikromita 10.

Kinachonikera ni wale wanaohubiri kwamba leza kali na foili nyembamba zinatosha, kisha wanaahidi mashine za hospitali za kutibu saratani kwa protoni kwa kutaja nishati ya juu kabisa pekee. Mwaka 2000 katika maabara ya Livermore, Marekani, protoni zilifikia megaelektronivolti (kipimo cha nishati ya chembe) 58 hivi. Mwaka 2024 watafiti wa Dresden, Ujerumani, walitangaza 150, na hata huko, namna mwanga ulivyopanda kuelekea kilele ilichangia mafanikio. Ni kazi kubwa na ya kweli. Lakini namba hizo ni ncha ya mgawanyo wa nishati unaoporomoka haraka, ambamo protoni nyingi zina nishati ndogo, ilhali tiba hudai nishati iliyochaguliwa kwa usahihi, takriban kati ya 70 na 250, na dozi isiyobadilika. Anayewaonyesha ncha tu, mwombeni mgawanyo wote, tena wa mipigo mingi mfululizo.