Taa ya injini ikiwaka kwenye Celica, pima waya kabla hujanunua sensa

Wadau wa Mtwara na Lindi, hasa nyie wenye Toyota Celica za miaka ya 90 zenye injini ya 3S-GE, naomba tuelewane kitu kimoja kabla hamjaagiza sensa Dar. Namba ya hitilafu inayotoka kwenye kontrol boksi (kompyuta ya injini) haisemi sensa imekufa. Inachosema ni kwamba njia ya umeme ya hiyo sensa ina shida, na hiyo njia ina sensa yenyewe, ina soketi, ina waya, ina ethi (waya wa kurudisha umeme upande wa negativu), mpaka inafika kwenye kontrol boksi. Huku kwetu pwani chumvi iko hewani muda wote, gari ikishazeeka mara nyingi nakuta sensa nzima kabisa, kilichooza ni waya.

Kusoma namba hakuhitaji mashine. Fungua boneti tafuta kiboksi kimeandikwa DIAGNOSIS kwenye mfuniko, ndani ya mfuniko kuna mchoro wa majina ya matundu. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, weka switchi on bila kupiga stata, gia iwe fri, mguu usikanyage mafuta, AC izimwe, afu hesabu taa inavyowaka na kuzima. Ikimweka harakaharaka bila kupumzika hakuna kitu. Ikimweka mbili, ikapumzika, ikamweka mbili tena, hiyo ni 22, joto la maji. 24 ni joto la hewa inayoingia, 31 vakyumu (mvuto wa hewa ndani ya injini), 41 throto (mlango wa hewa unaofuata mguu wa mafuta), 52 noki (injini kugonga). Kuwa makini sana na tundu la +B, limo humohumo, ukiliunga na E1 ni shoti. Zile Toyota za mwisho wa 90 zenye soketi ya pini 16 chini ya dashibodi unaunga pini ya 4 na ya 13, hesabu ni ileile.

Sasa kuna kijana wa Mikindani aliniletea Celica yake ya ST202, asubuhi kuwaka mateso, sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) haitulii, na alishabadilishiwa sensa ya joto la maji sehemu nyingine lakini taa iko palepale. Nikaunga waya nikahesabu, zikatoka 22, 24 na 41 kwa pamoja. Hapo ndo pa kutuliza akili jamani. Sensa tatu haziwezi kufa siku moja. Jiulize hizi tatu zinatumia nini kwa pamoja, na jibu ni ethi yao, ule waya unaoitwa E2 ambao unatoka kwenye kontrol boksi na kugawanyika kwenda kwa kila mmoja wao. E2 ikikatika kontrol boksi haioni joto la maji, inajipangia yenyewe kwamba maji yana 80°C, sa injini ikiwa ya baridi inanyimwa mafuta ya kuwakia na ndo maana asubuhi inasumbua.

Nikachomoa soketi ya sensa ya maji nikapima sensa kwanza, ohm zake zilikuwa sawa (ikiwa nzima ni kama 2,000 mpaka 3,000 kwenye 20°C na inashuka mpaka 200 hadi 400 kwenye 80°C, kwa joto la Mtwara tegemea pungufu kidogo ya 2,000 hata kabla hujawasha). Afu nikaweka switchi on, ncha nyekundu ya multimita kwenye waya wa THW (ule wa kipimo cha joto la maji) wa ile soketi, nyeusi kwenye negativu ya betri, ikasoma karibu volti 5. Safi, kontrol boksi inatuma. Nikahamisha ile nyeusi tu, nikaiweka kwenye E2 ya soketi hiyohiyo, volti zikapotea. Ushahidi huo, E2 inaning'inia, haifiki kwenye kontrol boksi.

Nikafuata wayaringi mpaka karibu na betri, kuna sehemu ilikuwa imevimba kwa tepu nyeusi, nikaichana. Ndani waya ulikuwa umekunjwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu, shaba imekuwa kijani na inamomonyoka kama unga wa muhogo. 31 haikutoka kwa sababu sensa ya vakyumu ilikuwa inachukua E2 kabla ya hapo palipooza. Nikakata nyuma mpaka nikakuta shaba inayong'aa, na kwenye waya uliooza unaweza kurudi mbali kuliko unavyotarajia, nikaunga kwa waya mpya, nikachomelea kwa risasi, nikavalisha mpira unaosinyaa kwa moto. Mafundi wenzangu, kukunja waya wa sensa na kuzungusha tepu ni kumharibia mtu gari, maana hapo inapita volti 5 na mkondo mdogo mno, kutu kidogo tu inatosha kudanganya kipimo. Na ile taa ya kujaribia yenye glopu msiitumie kwenye waya za kontrol boksi, inavuta umeme mwingi inaweza kuiunguza.

Ethi ya injini nayo ipimeni. Washa gari, washa taa kubwa, nyekundu kwenye chuma cha injini, nyeusi kwenye negativu ya betri, ikizidi volti 0.2 safisha miguu ya ethi kwa msasa. Gari ambazo zinalala miezi zikisubiri minada ya korosho ianze, angalieni kwanza kama panya wametafuna waya.

Ukimaliza toa fyuzi ya EFI dakika moja namba zifutike, irudishe, tembeza gari mpaka ipate moto, afu iache ikiunguruma huku unatikisa waya kipande kwa kipande, pale itakapotetereka ndo pabovu. Kama waya zote zimekaa vizuri na ni ohm za sensa zilizogoma, basi nunua, ila mwambie muuzaji unataka ya waya mbili, ile ya waya moja ni ya geji ya dashibodi tu, kontrol boksi haihusiki nayo.