Maswali na majibu: Kupanda vilima vya Alsace

Tangu niandike kuhusu Alsace, ule ukanda wa mizabibu mashariki mwa Ufaransa kati ya milima ya Vosges na mto Rhine, mmeniuliza mengi. Nimechagua matano. Ya viza nayaacha, hayo waulizeni ubalozini. Nikikosea mimi, lawama zote zangu.

Shikamoo dada. Nalima zabibu Dodoma, na Septemba natumwa Freiburg, Ujerumani, kwenye mafunzo ya wiki mbili. Nina Jumamosi moja ya mapumziko. Nikivuka kwenda Alsace nitaona nini zaidi ya mashamba ya zabibu, ambayo hata huku ninayo? – Baba Imani, Dodoma

Marahaba. Mashamba utayaona, ila hayatakukumbusha mizabibu ya Hombolo huko kwenu. Dodoma mnavuna mara mbili kwa mwaka. Alsace mzabibu hulala kipindi chote cha baridi, umebaki kisiki na vijiti, na mavuno ni mara moja tu, Septemba kuingia Oktoba. Wewe umeangukia wakati wenyewe. Utakuta matrekta membamba yanapita katikati ya mistari, na kwenye miteremko mikali watu wameinama na mikasi kama kwenu.

Kuna jambo ambalo wewe utalielewa haraka kuliko watalii wenzako: mvua. Upepo unatoka magharibi, unagonga Vosges, unamwaga maji yake kule juu, na ukishuka upande wa pili hauna kitu. Ndiyo maana Colmar, mji ulio chini ya milima ya kijani kibichi, ni kati ya miji yenye mvua chache kabisa Ufaransa. Simama mahali pa juu utazame: juu msitu, katikati utepe mwembamba wa mizabibu iliyogeukia jua, chini bondeni mahindi. Ramani nzima ya kilimo unaisoma kwa macho.

Kutoka Freiburg panda treni hadi Breisach, kisha basi linalovuka Rhine kwenda Colmar. Ukishafika Colmar, tafuta usafiri wa Riquewihr. Kuna njia ya miguu inayounganisha vijiji sita vya eneo hilo: Bennwihr, Mittelwihr, Beblenheim, Zellenberg, Riquewihr na Hunawihr. Usiimalize yote, utakosa basi la kurudi. Tembea kutoka Riquewihr kwenda Zellenberg, kijiji kilichokaa juu ya kilima peke yake, kisha Hunawihr, ambako kanisa lenye ukuta wa ngome limesimama katikati ya mizabibu na Wakatoliki na Waprotestanti wanalitumia kwa zamu. Beba maji, njiani hakuna kivuli. Na kwa kuwa ni mavuno, ukikuta njia imefungwa, usibishane. Kuchuma hata kishada kimoja cha kuonja ni wizi. Hilo mkulima hahitaji kuambiwa.

Mimi na mume wangu hatunywi pombe. Wifi yangu anaishi Strasbourg na anatung'ang'aniza tutembee vijiji vya mvinyo. Si tutakuwa kama waliokwenda harusini wakarudi na njaa? – Mama Salha, Tanga

Nendeni. Mimi mwenyewe siku nilizofurahi zaidi kule sikugusa glasi. Wakulima wengi huuza juisi ya zabibu, na hakuna atakayewakazia macho mkiomba hiyo.

Pa kuangalia ni kwenye chakula. Tarte flambée, ile iliyo kama chapati nyembamba ya tanuri yenye malai na vitunguu, hupakwa vipande vya nguruwe. Sema "sans lardons" wakuondolee, au uagize ya uyoga au jibini. Choucroute iacheni, ni kabichi chachu iliyozikwa chini ya soseji za nguruwe. Baeckeoffe nayo: nyama na viazi vilivyolazwa kwenye mvinyo mweupe kabla ya kuokwa, na nguruwe huwa hakosi. Hata keki yao ya kougelhopf inataka uulize, maana zabibu kavu zake mara nyingi hulowekwa kwenye pombe ya cheri. Jibini ya Munster ni halali ya pua ngumu tu. Harufu yake inatangulia mlangoni, ingawa ladha ni ya upole.

Lakini niwaombe kitu kimoja. Mkifika Kaysersberg, pandeni hadi makaburi ya kijeshi ya Sigolsheim, juu ya kilima katikati ya mizabibu. Majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945 vita ya kuikomboa Colmar ilipiganwa kwenye miteremko hii, na Bennwihr, Mittelwihr na Sigolsheim vikageuka vifusi. Ndiyo sababu nyumba za vijiji hivyo ni mpya wakati Riquewihr, kilomita chache tu pembeni, ina nyumba za karne ya 16. Pale juu wamelala askari zaidi ya 1,500 wa jeshi la Ufaransa, na wengi ni Waislamu kutoka Afrika Kaskazini. Mawe yao yana alama ya mwezi na nyota. Ukigeuka, bonde lote liko miguuni pako. Watalii wanaopiga picha maua ya Riquewihr ni wachache wanaofika huku. Msomeeni mmoja Fatiha.

Dada, nafundisha historia. Nimesikia kuna ngome huko iliyojengwa na Kaiser, yule yule wa Wajerumani wetu. Ni kweli? – Mwalimu, Songea

Ni kweli, mwalimu, ila aliijenga upya. Inaitwa Haut-Koenigsbourg, na inatajwa kwenye maandishi tangu karne ya 12. Mwaka 1633 jeshi la Uswidi liliiteka na kuichoma, ikabaki gofu kwa zaidi ya miaka 200. Wakati huo wa Kaiser, Alsace ilikuwa mali ya Ujerumani: iliichukua baada ya vita ya 1870 na kukaa nayo hadi 1918. Mwaka 1899 mji wa Sélestat ukampa Kaiser Wilhelm II lile gofu zawadi. Akamwita msanifu Bodo Ebhardt, na kuanzia 1900 hadi 1908 ikasimama tena, na minara yake, mazizi, daraja la kuinua na yote.

Sasa zipange tarehe hizo ubaoni. Jiwe likiwekwa juu ya jiwe Alsace, kwenu Songea machifu wa Wangoni walikuwa wananyongwa. Maji Maji ilianza Julai 1905 na kuzimwa 1907, watu makumi ya maelfu wakiisha kwa risasi na kwa njaa ya kuchomewa mashamba. Bwana alikuwa mmoja. Nilipoingia ukumbi wa Kaiser na kumwona tai wa himaya aliyechorwa darini, mwongozaji alikuwa anaeleza rangi. Mimi kimawazo nilikuwa Mahenge, kwenye vita ya Maji Maji.

Hata hivyo sikushauri uikwepe. Iko zaidi ya mita 700 juu ya bahari, na kutoka kwenye ngazi zake unaona mizabibu, bonde la Rhine, Msitu Mweusi wa Ujerumani ng'ambo, na siku angavu hata milima ya Alps. Msimu wa utalii kuna basi kutoka stesheni ya Sélestat. Fika mlango ukifunguliwa. Saa sita mchana utatembea kwa mwendo wa foleni.

Ukitaka gofu lililoachwa gofu, nenda Ribeauvillé. Juu ya mji kuna ngome tatu zilizobomoka, zimekaa msituni karibu karibu, na unazipanda kwa miguu ukipitia kwenye mizabibu. Alama za njia zimechorwa na Club Vosgien, chama cha watembea milima kilichoanza 1872. Zifuate hizo kuliko simu yako.

Kati ya Eguisheim, Kaysersberg na Riquewihr, nina nafasi ya kijiji kimoja tu. Na je, nikikodi baiskeli naweza kuonja mvinyo njiani? – Otieno, Nairobi

Eguisheim ilichaguliwa na watazamaji wa televisheni kuwa kijiji kipendwa cha Wafaransa mwaka 2013, Kaysersberg ikachaguliwa 2017, kwa hiyo hata wenyewe hawajaamua. Mimi nakupeleka Kaysersberg. Eguisheim ni nzuri, mitaa yake inazunguka kama konokono, lakini nusu saa umeimaliza. Kaysersberg ina mto, ina daraja la mawe, ina mnara wa kupanda juu ya mizabibu, na ndiko alikozaliwa mwaka 1875 Albert Schweitzer, daktari aliyefungua hospitali Lambaréné, Gabon. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba kilichomvuta Afrika ni sanamu ya Mwafrika aliyoiona utotoni Colmar, chini ya mnara wa ukumbusho wa Bruat, amirali wa Ufaransa. Aliyeichonga ni Bartholdi, mwana wa Colmar, yule yule wa sanamu ya Uhuru ya New York.

Baiskeli ndiyo, njia imeandaliwa vizuri kutoka Marlenheim hadi Thann. Ila sheria ya pombe haichagui magurudumu: gramu 0.5 kwa lita ya damu, mwenye gari na mwenye baiskeli sawa. Kila mahali pa kuonjea kuna chombo cha kutemea. Tema, si dharau. Wenye kazi yao wote wanatema.

Niko na watoto watatu, mkubwa ana miaka tisa. Makanisa na ngome vitawachosha. Tena huyo mkubwa anauliza: korongo wa Alsace ndio wale wanaofika kwetu Afrika? – Mama Furaha, Brussels

Wapeleke Kintzheim, chini ya ile ngome ya Kaiser. Kuna msitu wenye kima zaidi ya 200 wa Afrika Kaskazini, wasio na mkia, wanaozurura bila kizimba, na wageni hupita njiani katikati yao. Majira ya baridi hufungwa, kwa hiyo msiende Desemba. Desemba yenyewe mimi siipendi: masoko ya Krismasi yanajaza vijiji hadi mtoto anapotea mkononi mwako.

Korongo mtawaona bila kiingilio, tazameni mapaa ya makanisa. Swali la kijana ni zuri, mwambie hivi. Korongo hupaa kwa kubebwa na hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, na juu ya bahari kubwa hewa hiyo haipo, kwa hiyo anaizunguka Mediterania. Wale wa Ulaya ya mashariki hupitia Uturuki na bonde la Nile, na ndio wanaoonekana Serengeti. Wa Alsace hupitia Gibraltar hadi Afrika Magharibi.

Mwaka 1974 walibaki jozi 9 tu Alsace nzima, wengine wakiwa wamekufa safarini, kwa ukame wa Sahel na nyaya za umeme. Wataalamu wakaanza kuwafungia makinda kwa miaka mitatu, hadi hamu ya kusafiri ikawatoka. Kituo kimojawapo kiko Hunawihr, na watoto wanaruhusiwa kuingia. Leo jozi ni mamia, na wapo wasiokwenda popote. Hata Januari utawakuta wamesimama kwenye theluji, mguu mmoja juu.