Mwenzako amesema nini? Kwa anayeanza kufundisha mdahalo chuoni

Umepewa semina za mwaka wa kwanza. Kozi ni stadi za mawasiliano, vikundi vitano, kila kimoja watu arobaini na ushee, saa moja kwa wiki. Kwenye muhtasari wa kozi kuna mstari mmoja tu, "mdahalo na majadiliano", na hakuna aliyekuambia unafundishwaje. Nimekaa na vikundi vya aina hiyo miaka tisa. Haya ndiyo ningependa mtu angenieleza wiki yangu ya kwanza.

Elewa kwanza wanakuja na nini. Kijana aliyepita sekondari zetu ameshashiriki midahalo mingi. Anajua kusimama, na utangulizi ameuhifadhi kichwani: mheshimiwa mwenyekiti, katibu makini, mtunza muda asiyependelea, majaji, watoa hoja wenzangu, na wapinzani wangu wa leo. Siku moja nilishika saa. Katika dakika nne alizopewa msemaji, salamu peke yake zilikula sekunde hamsini. Mada alizozizoea ni za kupima kipi bora: elimu au pesa, kijijini au mjini, baba au mama. Humo hushinda mwenye sauti, mwenye methali tayari mdomoni, na anayejua kuuamsha ukumbi. Usimvunje moyo kwa hayo. Ujasiri wa kuongea mbele ya watu mia ni mali, na wengine hawana. Ila kuna jambo moja ambalo hakuwahi kudaiwa: kujibu alichosema mwenzake. Hotuba yake ya kupinga aliiandika jana usiku, kabla mtoa hoja hajafungua mdomo.

Basi hilo ndilo la kufundisha, na nalifundisha kwa sharti moja. Hakuna anayeruhusiwa kujibu hoja mpaka airudie kwa maneno yake mwenyewe, na mwenye hoja akubali, "Ndiyo, hivyo ndivyo nilivyosema." Akikataa, anayetaka kujibu anairudia tena. Wiki mbili za mwanzo wataona unawachelewesha. Vumilia.

Nikuonyeshe linavyokwenda. Mada ilikuwa Kiswahili kitumike kufundishia sekondari, jambo linalomgusa kila mmoja wao, maana wamesoma msingi kwa Kiswahili na kidato cha kwanza wakakuta Kiingereza. Mtoa hoja akasimama: "Wachina, Wajapani, Wakorea, wote wanasoma kwa lugha zao, na tazama walipofika!" Meza zikapigwa. Binti wa upande wa pili akainuka na kuanza, "Hatuwezi kujitenga na dunia..." Nikamsimamisha.

"Mwenzako amesema nini?"

"Amesema tukitumia Kiswahili tutaendelea kama China."

Nikamgeukia kijana. "Ndivyo ulivyosema?"

Akasita. "Hapana, sikusema hivyo hasa."

"Ulisema nini?"

Alinyamaza kitambo, darasa zima likimtazama. Kisha, kwa sauti ya chini kuliko ile ya kwanza: "Nilisema... lugha ya kigeni si sharti la kuendelea."

Pale pale kila mtu aliona kwamba hoja iliyopigiwa meza na hoja anayoweza kuitetea ni mbili tofauti. Ya pili ni ndogo, na ndiyo ngumu kuipangua. Binti alikaa, akaandika, akasimama upya: "Nakubali si sharti. Lakini wenzetu walikuwa na vitabu vya sayansi kwa lugha zao. Sisi mwanafunzi wa kidato cha tatu tutamkabidhi kitabu gani cha fizikia kesho asubuhi?" Hakuna aliyepiga meza. Kijana aliinama kwenye daftari kutafuta jibu, na hapo ndipo nilijua somo limeanza. Ilituchukua dakika kumi kwa sentensi tatu, nami sijawahi kujutia dakika hizo.

Baada ya tukio kama hilo ndipo uende ubaoni, si kabla. Mwaka 1958 mwanafalsafa Mwingereza Stephen Toulmin aliichambua hoja katika sehemu sita. Wewe anza na tatu. Kushoto andika ushahidi: Wajapani wanasoma kwa Kijapani. Kulia andika dai: sekondari zetu zifundishe kwa Kiswahili. Katikati acha nafasi, uwaulize: nini kinatuvusha kutoka huku kwenda kule? Watakaa kimya, kwa sababu hawajawahi kuulizwa. Hatimaye mmoja atasema, "Tunaamini kilichowafaa wao kitatufaa na sisi." Hicho ndicho kiungo, na kwa niliyoyaona, hoja nyingi hufia hapo. Wanafunzi hushambulia ushahidi wa mwenzao wakati ushahidi ni wa kweli kabisa. Kilichooza ni daraja. Sehemu ya nne, niliyoipenda zaidi kadiri miaka inavyokwenda, ni maneno ya kiasi: mara nyingi, kwa masomo ya sayansi, isipokuwa pale ambapo. Shuleni waliambiwa maneno hayo ni dalili ya woga. Waambie ni dalili ya mtu aliyefikiri.

Majina ya makosa ya kimantiki, hasa yale ya Kilatini, yaache mpaka mwisho wa muhula. Ukiyatoa mapema wanayageuza mawe ya kurushiana.

Mada zichague wewe. "Kipi bora" haina mwisho. Chukua pendekezo ambalo mtu fulani anaweza kulitekeleza: bodaboda zizuiwe kuingia katikati ya jiji. Sasa lazima waulize nani anazuia, kuanzia wapi, dereva atakula nini, anayewahi hospitali afanyeje. Na wapeleke kwenye nyaraka zenyewe. Katika ile mada ya lugha niliwatuma kusoma Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania ya 2014. Pande zote mbili zilirudi zikishangilia, kwa kuwa sera hiyo, kabla ya toleo lake la 2023, ilitaja Kiswahili kutumika ngazi zote za elimu, na papo hapo ikasema Kiingereza kitaendelea kuimarishwa. Ilibidi wasome aya nzima badala ya kunyofoa mstari.

Utasikia habari za mtindo wa Bunge la Uingereza unaotumika kwenye mashindano ya vyuo duniani: timu nne za watu wawiliwawili, dakika saba kila msemaji, robo saa ya kujiandaa, na upande unapangiwa kwa kura. Kwa darasa la watu arobaini huwezi kuuchukua mzima. Chukua ile kura. Anayelazimika kutetea asichokiamini hujifunza kusikiliza upesi, ila usimpangie mtu mada inayomlazimu kuikana dini yake mbele ya wenzake. Siku za kawaida wagawe watatuwatatu: mmoja anatoa hoja dakika mbili, wa pili anairudia kisha anajibu, wa tatu anaandika kilichosemwa, halafu wanabadilishana. Kelele ni nyingi, lakini kila mmoja ameongea.

Kuna wanaodhani kumkosoa mtu hadharani ni utovu wa adabu, hasa akiwa mkubwa kwako. Wakumbushe malumbano ya washairi. Muyaka bin Haji wa Mombasa na malenga wa Lamu walirushiana mashairi makali enzi za ugomvi wa miji yao, mwanzoni mwa karne ya 19. Hadi leo, anayejibu shairi la malumbano mara nyingi hufuata vina na mizani vya aliyemwanza. Huwezi kufanya hivyo bila kumsoma mwenzako kwa makini, na makini hiyo ni heshima.

Hapa mimi nilikosea, nikagharimika. Mwaka wangu wa kwanza mwanafunzi aliniambia mfano nilioutoa haukubaliani na dai langu. Alikuwa sahihi. Nilimjibu kwa cheo, nikamwambia atayaelewa hayo akifika mwaka wa tatu. Muhula mzima hakuna aliyenipinga tena, na semina zile zilikuwa baridi kama maji ya mtungi. Sasa wiki ya kwanza naweka mezani hoja yangu yenye kiungo kibovu kwa makusudi, nasubiri, na anayekiona namshukuru kwa jina mbele ya wote.

Alama zifuate unachofundisha, la sivyo hawatakuamini. Kati ya 20, natoa 8 kwa kurudia na kujibu hoja, 6 kwa ushahidi na kiungo, 4 kwa mpangilio, na 2 tu kwa usemaji. Wenye ndimi nyepesi hulalamika. Wale wakimya, ambao wengi wao ni mabinti waliozoea kupewa kazi ya ukatibu, huanza kuinua mkono kwenye wiki ya nne au ya tano.

Na ukae nyuma. Ukikaa mbele kila msemaji ataongea na wewe, macho kwako, akitafuta kama umeridhika. Mimi huchukua kiti cha mwisho karibu na mlango, daftari gotini, saa mkononi, na mwenyekiti wa siku ni mwanafunzi. Mwanzoni watageuza shingo kunitafuta. Naendelea kuandika mpaka wachoke kugeuka.